Kashika bango peke yake Mtwara, siku tatu selo, sasa anaripoti polisi kila Jumatatu na Alhamisi. Hii inaisha lini?

#1 Ming'oko Mbichi
Wakuu heshima kwenu. Nina shemeji yangu, bodaboda, yupo hapahapa manispaa. Watu wanamuita mwanaharakati ila yeye mwenyewe hilo neno linamchekesha. Ni yule mtu wa mtaani ambae bibi akidhulumiwa kiwanja anampakia bure mpaka kwa mtendaji, anamsomea barua, anauliza maswali ambayo sisi wengine tunayamezea. Sasa kuna watu maeneo yao yalithaminiwa zamani na fidia haijaonekana, wamezungushwa weee, wengine wameshazikwa. Asubuhi moja akachukua boksi la sabuni, likakatwa, likaandikwa TUNAOMBA MAJIBU YA FIDIA, akaenda kusimama nalo ng'ambo ya barabara, sio hata kwenye geti la ofisi. Hakupiga kelele, hakuziba njia. Dakika kama ishirini hivi difenda ikafika.

Siku tatu ndani. Mahakamani hakupelekwa. Katoka kwa dhamana, simu na bango vimebaki kituoni, wanasema vielelezo, na akaambiwa awe anaripoti kila Jumatatu na Alhamisi saa mbili asubuhi. Alianza kuripoti mikorosho ikiwa na maua, saivi minada imeisha na bado anaripoti. Akifika anakaa benchi mpaka saa tano, saa sita, anaambiwa haya nenda, njoo Alhamisi. Abiria wake wa asubuhi wote washahama.

Sitaki siasa. Nauliza mambo mawili tu, kosa ni lipi na kuripoti kunaisha lini?

#2 Bibo Kavu
Mkusanyiko usio halali hiyo mkuu. Iko wazi.

#3 Mtani wa Newala
Mkusanyiko wa mtu mmoja?? Au walimhesabu yeye, boksi na bodaboda 😂😂

#4 Wakili wa Vichochoroni
Mtani anacheka lakini kagusa penyewe. Kanuni ya Adhabu inataka watu watatu au zaidi ndo uite mkusanyiko usio halali, na hao watatu wawe na nia ya kutenda kosa au wakae kwa namna inayofanya majirani waogope amani itavunjika. Mmoja haitoshi hata ukimvalisha bango mbele na nyuma.

Na kwa faida ya wengi: sheria yetu haisemi uombe KIBALI cha kuandamana. Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, kifungu cha 43, inasema utoe TAARIFA ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo, si chini ya saa 48 kabla, utaje mahali, muda na lengo. Ukishaitoa unaendelea, labda yeye akuzuie kwa maandishi kwamba amani itavurugika. Kati ya taarifa na kibali ndo hapo nchi nzima imekwama.

#5 Nchi Kwanza
Mnamtetea mtu msiemjua. Hao wanaojiita watetezi wengi wana wafadhili nje, wakipigwa picha difenda inawabeba mradi unapita. Jiulizeni nani yuko nyuma yake.

#6 Ming'oko Mbichi
Nchi Kwanza hilo swali la nani yuko nyuma yako ndo aliloulizwa siku zote tatu. Nani kakutuma, nani kakuandikia. Shemeji yangu anadaiwa elfu 30 ya tairi la nyuma, huyo mfadhili angeanza na tairi.

#7 Mzee wa Shangani
Vijana naomba niseme kwa sababu nimeyaona kwa macho. Huwezi kuelewa kwa nini Mtwara boksi la sabuni linaletewa difenda kama hukumbuki mambo ya gesi. Ilikuwa Januari 2013, watu walifurika mjini kupinga bomba la kwenda Dar, "gesi haitoki", na siku ileile majeshi yakaingia. Tangu hapo huu mji serikali inauangalia kama maziwa jikoni, ukigeuka tu yamefurika.

#8 Nahodha wa Msimbati
Shikamoo mzee wangu, ila umechanganya tarehe na kuchanganya huku kuna madhara. Maandamano yenyewe yalikuwa tarehe 27 Desemba 2012. Yale yalikuwa ya AMANI, watu walitembea, wakahutubiwa viwanja vya Mashujaa, wakarudi kula. Vurugu za Masasi na kwengine ndo Januari 2013. Jeshi kumwagika mjini ni Mei 2013, baada ya bajeti ya Nishati na Madini kusomwa Dodoma tarehe 22 ikasemwa bomba liko palepale. Watu walikufa, nyumba zilichomwa, walokamatwa hawahesabiki kwa vidole.

Kwa nini nasema kuna madhara, kwa sababu mkizichanganya zote tatu inakuwa kama kutembea kwa amani na kuchoma nyumba ni kitu kimoja. Mimi natokea Msimbati, gesi ya Mnazi Bay inatoka kwetu, ilionekana tangu 1982. Nlitembea ile Desemba. Sikurusha hata kokoto. Ila mpaka leo nikisema nilikuwepo kwenye maandamano ya gesi mtu anarudi hatua moja nyuma.

#9 Mzee wa Shangani
Marahaba. Nimekubali, uzee. Lakini hoja yangu ya maziwa inabaki.

#10 Mmatumbi Halisi
Kusini hatujaanza juzi. Kwetu Nandete, Kilwa, mwaka 1905 watu waling'oa miche ya pamba ya Mjerumani, Majimaji ikaanzia hapo. Nyie Wamakonde mlikuwa mnachonga vinyago.

#11 Mtani wa Newala
Tulikuwa tunachonga sura zenu mkikimbia risasi mkidhani maji 😂

#12 Mama wa Chuno
Turudi kwenye mada basi, maana mtani akishaanza na Mmatumbi uzi unaishia kwenye pilau.

Mimi limenikuta, sio bango, mkutano. Tulikuwa wamama kumi na kitu wa kikundi cha kukopeshana, mwaka jana, wilaya nyingine sio hapa na kituo sikitaji. Mwenzetu binti yake alifanyiwa ukatili na mtuhumiwa tunakutana nae sokoni ananunua nyanya. Tukasema twende tukae kimya nje ya kituo tuulize jalada limefika wapi, tumevaa kanga sare. Tulikaa chini kabisa, wengine na watoto mgongoni. Wanne tukaingizwa ndani, mimi mmoja wao, tukaambiwa tumekuja kushinikiza. Jioni tukatoka. Sikupigwa, nisiseme uongo. Ila nilichokuja kukiona baadae ndo kiliuma zaidi, mume wangu akaitwa na bosi wake akaulizwa mkeo ni chama gani, mwenye nyumba akaanza kuulizia kodi kabla ya tarehe, na kikundi kikafa. Kutoka wamama kumi na saba tukabaki watano. Kile kikundi kilikuwa kinasomesha watoto.

Na mtuhumiwa bado ananunua nyanya.

#13 Bibo Kavu
Dah. Pole dada.

#14 Afande Mstaafu
Nimesoma kimya toka mwanzo. Nilifanya hii kazi miaka mingi mikoa tofauti, sitasema cheo. Niwaambie jinsi inavyokuwa upande wa pili wa kaunta, msinishambulie.

OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, akipata taarifa kuna mtu na bango, ana njia mbili. Amwache, au ambebe. Akimwacha na mpaka jioni hakuna kitu, hakuna atakaempongeza. Akimwacha likazuka la kuzuka, simu zitaanza kupigwa kutoka juu, kesho kutwa barua ya uhamisho. Akimbeba na kumbe alikuwa anauliza fidia tu, nani atamuuliza? Hakuna. Sasa wewe kwenye nafasi yake ungechagua nini? Sio kila mara kuna amri kutoka juu kama mnavyodhani, mara nyingi hakuna aliyeagiza chochote, mtu anajiagiza mwenyewe kwa kuogopa.

Kuhusu kuripoti. Jalada likifunguliwa haliwezi kujifunga lenyewe. Mpelelezi lazima aandike, lipande, ofisi ya mashtaka iseme hakuna kesi. Sasa kesi ya boksi la sabuni nani atapoteza mafuta kuipeleka? Inakaa kwenye kabati. Na wakati inakaa, mtu anaripoti. Sio kwamba wamepanga kumtesa. Wamemsahau.

#15 Wakili wa Vichochoroni
Afande asante kwa ukweli, ila hapo kwenye "wamemsahau" sikubaliani. Simu yake mbona hawajaisahau.

Kuna kitu kingine naongeza. Mwaka 2022 Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ilirekebishwa kwamba mtu asifikishwe mahakamani mpaka upelelezi ukamilike, isipokuwa makosa makubwa. Nia ilikuwa nzuri, watu walikuwa wanaoza mahabusu kwa "upelelezi haujakamilika mheshimiwa". Ila kwa mtu kama shemeji huyu imekuwa kinyume, kwa sababu hakimu angalau angeuliza, mnamfanya nini huyu? Benchi la kituoni halina hakimu. Hayo ni maoni yangu.

#16 Mwera wa Nachingwea
Mnazunguka mbuyu. Hizi kamata za wilayani ni DC. DC ana mamlaka ya kumuweka mtu ndani saa 24 na hakuna wa kumhoji.

#17 Wakili wa Vichochoroni
Ni saa 48 sio 24. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya wote wanayo. Lakini lazima mtu awe ametenda kosa au kuna hatari ya kweli kwa amani isiyozuilika kwa njia nyingine, na sababu ziandikwe. Saa 48 zikipita hajafikishwa kwa hakimu anatoka. Kwa hiyo siku tatu za #1 hata kwa mlango huo hazipiti.

#18 Nchi Kwanza
Mbona tarehe 24 Januari 2024 Chadema waliandamana Dar na polisi wakawasindikiza? Hakuna alieguswa. Ukifuata utaratibu hakuna anaekugusa. Tatizo lenu mnataka kuandamana kama mnaenda msibani.

#19 Nahodha wa Msimbati
Mfano mzuri ila umeukata katikati. Mwaka huohuo Agosti, Mbeya, vijana waliokuwa wanakwenda kwenye siku ya vijana walizolewa kwa mamia, polisi wenyewe walitaja 520. Mwezi wa tisa tarehe 23 Dar maandamano yakazuiwa, viongozi wakakamatwa. Chama kilekile, sheria ileile, kifungu cha 43 kilekile. Sasa utaratibu gani hapo ulibadilika kati ya Januari na Agosti? Mimi nikiona mlango unafunguliwa leo kesho umefungwa na funguo ni ileile, siangalii funguo, namuangalia aliyeishika.

#20 Bibo Kavu
Na sasa baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 ndo kabisaa, kila bango linaangaliwa kwa jicho jingine.

#21 Mama wa Chuno
Bibo tusifike huko moda atafunga uzi na shemeji wa watu hajapata jibu.

#22 Mtani wa Newala
Kuna yule mwanasheria wa Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, Tito Magoti, yeye alikaa miaka miwili ndani kwa kutwiti. Ukilinganisha na shemeji yenu, shemeji yenu yuko hotelini.

#23 Wakili wa Vichochoroni
Hakufika miwili mtani. Alikamatwa Desemba 2019 akatoka Januari 2021 baada ya makubaliano na upande wa mashtaka, yeye na mwenzake wakalipa zaidi ya milioni 17. Na aliloshtakiwa halikuwa kutwiti, ilikuwa uhujumu uchumi na utakatishaji fedha, kosa ambalo HALINA dhamana. Hapo ndo ujanja ulipo. Ukimshtaki mtu kwa maneno yake atadhaminiwa saa hiyohiyo, atakwenda kwenye redio. Ukimtafutia kosa lisilo na dhamana, kesi inaahirishwa na kuahirishwa, mtu mwenyewe anaomba yaishe. Kwa mkubwa unatumia utakatishaji, kwa bodaboda unatumia benchi. Kinacholiwa ni kilekile, siku zake.

#24 Mmatumbi Halisi
Mimi naona mnawaonea polisi na DC na kila mtu, sisi wenyewe je? Huyo shemeji alisimamia fidia ya watu wangapi? Nikisema ishirini nakosea? Siku ya bango hao ishirini walikuwa wapi? Wamekaa barazani wanakula ming'oko na chumvi wanangoja waone atafanywa nini. Wangekuwa naye hamsini wasingembeba, difenda ina viti vingapi.

#25 Mwera wa Nachingwea
Wangekuwa hamsini ungekuwa mkusanyiko usio halali, soma #4 😂

#26 Mama wa Chuno
Mmatumbi unasema hivyo kwa sababu hujakaa ndani. Sisi tulikuwa kumi na saba. Walichukua wanne tu, na wale kumi na tatu ndo walioogopa zaidi kuliko sisi tuliochukuliwa. Mpaka leo sijui kwa nini ila ndivyo ilivyokuwa.

#27 Afande Mstaafu
Mama wa Chuno hiyo inajulikana. Hukamati wote. Sitaongeza neno.

#28 Mwera wa Nachingwea
Niwape na upande mwingine maana hapa kila mtu anajifanya malaika. Liwale Aprili 2013, malipo ya korosho yalikuja pungufu, watu walianza kwa kulalamika tu, usiku nyumba za viongozi zikawaka. Mjomba wangu alikuwa mmoja wa walolalamika mchana, usiku alikuwa kalala kwake, alikamatwa pamoja na wachomaji. Kwa hiyo polisi wanapoogopa wana sababu, na watu wanapoogopa polisi wana sababu. Nani aanze kuacha kuogopa?

#29 Mzee wa Shangani
Na korosho yenyewe mwaka huu kwenu mmeuza bei gani?

#30 Mwera wa Nachingwea
Mzee usinikumbushe, makato yameniachia hela ya kununulia gunia la kuwekea korosho za mwakani.

#31 Wakili wa Vichochoroni
Ming'oko Mbichi nisikilize, nikupe la kufanya, wengine wataendelea na korosho.

Dhamana ya polisi ni bure na ni haki, ila masharti yake yanaweza kubishaniwa. Andikeni barua kwa mkuu wa upelelezi wa mkoa, nakala kwa RPC (kamanda wa polisi wa mkoa), mueleze tarehe ya kukamatwa, tarehe ya dhamana, idadi ya siku alizoripoti (aandike kwenye daftari kila siku aliyokwenda, saa aliyofika na saa aliyotoka, hii msiipuuze), na muombe mambo matatu, aambiwe kosa lake kwa maandishi, arudishiwe simu, na dhamana ifutwe kama hakuna kesi. Barua igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ina ofisi Lindi, sio mpaka Dodoma. Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu, THRDC, nao wanatoa mawakili kwa kesi za aina hii, na huyo shemeji ni mtetezi hata kama hana kitambulisho. Azimio la Umoja wa Mataifa la 1998 kuhusu watetezi halisemi lazima uwe na ofisi na kiyoyozi. Anayetetea haki za wenzake kwa amani ndiye.

Akizuiliwa tena bila kufikishwa mahakamani, hapo ni Mahakama Kuu, mnayo hapohapo Mtwara.

#32 Nchi Kwanza
Nakubaliana na barua. Barua ni utaratibu. Bango sio.

#33 Nahodha wa Msimbati
Hao wa fidia wameandika barua ngapi kabla ya bango? Muulize mtoa mada.

#34 Ming'oko Mbichi
Nne. Zote zina muhuri, ziko kwenye mfuko wa rambo chini ya kitanda.

Asanteni wote, wakili hasa. Daftari tumeshanunua, nimemchorea mistari. Leo ilikuwa Alhamisi kaenda. Kafika saa mbili kasoro, saa tano na robo akaambiwa afande mwenye jalada yuko likizo aje Jumatatu. Akauliza kwa adabu, likizo mpaka lini, akajibiwa wewe unataka ratiba ya likizo ya askari ya nini.

Kuna afande mwengine kijana akamtoa pembeni akamwambia mzee ukweli ni huu, jalada lako limesimama kwa sababu ya mwandiko. Wewe maelezo yako ulisaini kwa tabu, herufi zinapanda mlima, lakini bango limeandikwa herufi nzuri zimenyooka kama za kiwandani. Wanataka aliyeandika. Wana imani kuna mtu msomi nyuma yake, na wakimpata huyo ndo watajua ni kundi gani.

Nimecheka mpaka nikakaa chini. Mwandiko ni wa binti yake, darasa la sita, alitumia rula na kalamu ya maka ya shule. Alimuomba baba ampe na yeye boksi moja la kuchorea.

#35 Mtani wa Newala
😂😂😂 kundi la darasa la sita

#36 Mama wa Chuno
Kaka futa hilo bandiko.

#37 Mama wa Chuno
Sio utani. Umetaja mtoto. Futa sasaivi.

#38 Ming'oko Mbichi
Nimejaribu dada, muda wa kuhariri umepita, haikubali. Moda naomba unisaidie na #34 tafadhali. Moda?